Waya Uliofika Jikoni kwa Mama Mkwe

Kinyozi Amoni Intaneshno,
Mtaa wa mpakani, mkabala na mashine ya kusaga,
Tunduma, Mkoa wa Songwe.

Mkurugenzi Mkuu,
Jukwaa la Nishati na Marafiki wa Nje (JUNIMANJE),
Dar es Salaam, ghorofani.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SEMINA YENU KUNIGEUZA BIBI HARUSI

Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu mimi zaidi kuliko kinavyokuhusu wewe, lakini naomba ukisome ukiwa umekaa. Mimi naandika nimesimama. Kiti changu cha saluni kina mteja aliyenyolewa upande mmoja, nimemwambia asubiri, kuna jambo la kitaifa.

Kwanza nijitambulishe, maana mtu mkubwa hapaswi kulaumiwa na mtu asiyemjua. Naitwa Amoni Sichone, kinyozi, mwenye umri wa kuoa na sura ya kuoa. Shule niliishia kidato cha pili. Siyo kwamba nilishindwa. Walimu walikuwa wamebakiwa na machache ya kunifundisha, tukaona tusichoshane. Ushahidi wa hili mnao wenyewe, kwa sababu katika semina yenu pale Vwawa niliyejibu maswali mengi kuliko wote ni mimi, na ukumbini walikuwemo watu wa suti. Bi. Restuta, yule mtaalamu wenu anayevaa miwani, alisema mbele za watu, "Huyu kijana ana kiu ya maarifa." Kuna mwalimu mkuu kutoka Isansa alinyoosha mkono mpaka ukafa ganzi na hakuambiwa ana kiu ya chochote.

Sasa shida yangu kwa ufupi. Nilikuwa nimuoe Nesta, binti wa Mzee Yesaya, anayekaa Nakonde, yaani Zambia, yaani hapo ng'ambo ya uzio wa jirani yangu. Sisi wa hapa nchi ya nje hatuifuati kwa ndege. Ukimwaga maji ya kufulia kwa nguvu yanaishia kwao. Posa imepokelewa, tarehe imetajwa, mama yangu ameshatangaza kanisani. Lakini kutokana na mafundisho ya JUNIMANJE, wazee wa Nakonde wamekaa kikao na kuamua kwamba mimi simuoi Nesta. Nesta ndiye ananioa mimi. Wamenipa mpaka Jumapili nikubali au posa ife.

Nayaweka malalamiko kwa namba ili msiseme hamkuelewa.

LALAMIKO LA KWANZA. Semina yenu ilikuwa nzuri mno.

Mngeleta semina mbovu kama wenzenu, watu wangekula pilau, wangevaa fulana, wangerudi nyumbani kama walivyokuja. Ninyi mlileta ramani ya dunia yenye mishale myekundu. Bi. Restuta akasimama akasema usalama wa nishati na ushirikiano na nchi za nje ni kitu kimoja, havitenganishwi. Akasema kuna nchi huko Ulaya ilitegemea gesi ya mtu mmoja, wakakosana, baridi ikaingia, watu wazima wakalala na makoti. Niliumia sana. Nilitoka pale nikiwa na fulana yenu imeandikwa mgongoni NISHATI SALAMA, MARAFIKI SALAMA, na nikajiuliza: Amoni, rafiki yako wa nje ni nani?

Jibu lilikuwa wazi. Mzee Yesaya ana mafriza mawili ya samaki wa Mpulungu na kuku wa kuganda, na siku hizo umeme upande wao ulikuwa unakuja kama mgeni, unasalimia, unaondoka. Nesta mwenyewe alinipigia simu. "Amoni, baba analia na samaki huku. Wewe si umetoka semina? Fanya kitu."

Nikuulize wewe, Mkurugenzi, na mkeo akikwambia "fanya kitu" utaendelea kukaa?

LALAMIKO LA PILI. Kitabu chenu cha kijani hakina sura ya wakwe.

Nimekisoma chote, hata kurasa za shukrani. Mmeandika kuhusu mabomba, mabwawa, balozi mbalimbali, mpaka kuna picha ya watu wanapeana mikono jangwani. Lakini hakuna mahali mlipoandika kwamba mshirika wa nje akiwa ni mkweo, utaratibu unabadilika. Ninyi watu wa pwani pengine hamjui, kwa hiyo naeleza polepole.

Kwetu Wanamwanga wa pande zote mbili, na majirani zetu Wabemba, kuna siku inaitwa chilanga mulilo, ndiyo kusema kuonyeshwa moto. Wanawake wa upande wa binti wanapika vyakula vyote vinavyopikwa kwao, wanajitwisha, wanaleta kwa mwanamume wakiimba. Wanamwambia: moto wa nyumbani kwetu ndio huu, kula, sasa wewe ni mwenzetu. Kabla ya siku hiyo hutii kitu mdomoni ukweni. Na mama mkwe humtazami usoni wala yeye hakutazami. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Kama hakuna mahindi, mmoja anakumbuka amesahau kitu nyumbani.

Mama yake Nesta anaitwa Elizabeti, lakini kule kwa heshima wanamwita Bana Nesta, yaani Mama Nesta. Nimekuwa jirani yake miaka yote hii, na tangu posa ipokelewe ninamjua kwa visigino tu. Ni visigino vya mama mchapakazi. Nilikuwa navisubiri vigeuke siku ya chilanga mulilo, kwa adabu, chakula kikiwa mezani.

LALAMIKO LA TATU. Maneno ya Bi. Restuta kuhusu "mtumiaji wa mwisho".

Alisema, nami niliandika kwenye kiganja, "Nishati isiyomfikia mtumiaji wa mwisho si nishati, ni takwimu." Watu wa suti walipiga makofi. Mimi nilikwenda kutekeleza.

Nilinunua waya mrefu, ule mnene wa kuchomelea mageti. Nikachomeka saluni, nikaupitisha juu ya bati la mashine ya kusaga, nikauvusha uzio, ukaingia Zambia bila pasipoti. Afisa mmoja alikuwa anapita akasimama. "Kijana, huo umeme una kibali cha kutoka nje ya nchi?" Nikamwambia ni sampuli. Akatikisa kichwa akaendelea na safari yake, na mimi na yangu.

Mzee Yesaya alikuwa ametoka. Nesta alikuwa sokoni. Nikapiga hodi mara nyingi za kutosha mtu mstaarabu. Kimya. Nikasema, mtumiaji wa mwisho ni friza, na friza liko jikoni, Amoni usiwe takwimu. Nikaingia.

Mkurugenzi, Bana Nesta alikuwa jikoni.

Alikuwa amechuchumaa anakaanga dagaa, mgongo kwangu, na visigino nikavitambua mara moja. Ningeweza kurudi nyuma. Lakini waya ulikuwa umeninasa mguuni, nikajikwaa, sufuria tupu ikaanguka, naye akageuka. Tukatazamana. Uso kwa uso, kama mimi na kioo changu cha saluni. Ana sura nzuri, Nesta amefanana naye, na hilo sikupaswa kuliona tena kabla ya chilanga mulilo.

Alipiga yowe, akajifunika kitenge kichwa kizima, na kwa kuwa sasa haoni akakosea mlango, akaingia stoo ya unga, akajifungia. Mimi nikabaki na adabu zangu. Nikauamkia mlango wa stoo, "Shikamoo mama." Mlango haukuitika. Nikaona nimeshafika, nimeshaharibu, nikichomoka bila kuchomeka nitakuwa nimeharibu bure. Nikachomeka mafriza yote mawili. Yakanguruma.

Kutoka stoo ikaja sauti ndogo: "Limewaka?"

Nikasema, "Yamewaka yote mama."

Akasema, "Haya, toka."

LALAMIKO LA NNE. Uamuzi wa kikao.

Hapa ndipo naomba mkae vizuri. Jioni yake walikutana wazee, na msemaji akawa Mzee Osea, kaka mkubwa wa Mzee Yesaya, mtu anayejua mila kiasi kwamba hata wafu wanamwogopa kukosea kuzikwa. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha, kwa hiyo nilisikia yote.

Mzee Osea akauliza, "Kijana ameleta moto hapa, hakuleta?"

Wakasema, "Ameleta."

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake."

"Na jikoni ameingia?"

"Ameingia, mukwai," wakajibu kwa heshima.

"Basi kikao kimekwisha. Anayebeba moto kuupeleka kwa mwenzake ni upande wa bibi harusi. Sisi hatujaoza. Sisi tumeoa."

Nikapiga kelele dirishani kwamba ule ni umeme, siyo moto. Mzee Osea hakugeuka hata shingo. Akauliza tu, "Umeme unapika, haupiki?" Nikajibu unapika. Nisingejibu hivyo kama msingenifundisha kusema ukweli kuhusu matumizi ya nishati majumbani.

Nilitegemea Mzee Yesaya anitetee. Yule alikuwa na mafriza yananguruma nyuma yake, akasema kwa upole wa mtu ambaye samaki wake wamepona, "Mila ni mila, mwanangu Amoni. Utazoea."

LALAMIKO LA TANO nimelifuta. Lilikuwa linamhusu Mzee Osea na lilikuwa na matusi.

LALAMIKO LA SITA. Yaliyofuata.

Walikuja shangazi wawili wa Nesta wakiwa na kamba, wakanipima kiuno. Walisema ni kwa ajili ya kitenge. Mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mwembamba, atasumbuka kuzaa." Wakasema nitahamia Nakonde na mashine zangu za kunyolea, nitafundwa ndani, nitafundishwa kupokea mgeni nikiwa nimepiga magoti. Wateja wameshasikia. Siku hizi hawasemi "Kinyozi, nikate." Wanasema "Bi harusi, nikate, ila taratibu usije ukatoka jasho." Aliyeko kwenye kiti sasa hivi ni mmoja wao, ndiyo maana nimemwacha na upande mmoja.

Na Nesta? Nilimwendea nikamwambia, "Nesta, ongea na wazee wako." Alicheka mpaka akakaa chini. Akajifuta machozi, akanishika bega kama mzee wa kanisa. "Usiogope, Amoni. Nitakutunza."

Halafu akaacha kucheka. Akasema mama yake bado hatoki stoo kwa aibu, anasema ametazamwa na mkwe kabla ya wakati, atawatazamaje wanawake wenzake. Akasema, "Wewe wanakutania, ila mama yangu haumwi utani, anaumwa kweli. Na hili lisipotengenezwa hakuna harusi, yangu wala yako." Hapo mimi, mwenye majibu yote ya Vwawa, nikarudi saluni kunoa mkasi ulionolewa tayari. Kwetu nako mama yangu anaweka chakula mezani anakitazama tu. Ana mtoto mmoja wa kiume, na wanataka kumchukua akaolewe.

LALAMIKO LA SABA. Vikwazo.

Ukurasa wenu wa mwisho unasema mshirika akienda kinyume na makubaliano, nchi yaweza kusitisha usambazaji ili kumrudisha mezani. Nikasema sawa. Alhamisi niliuchomoa waya, nikauvuta kutoka Zambia hadi Tanzania, nikauzungushia kiwikoni kama kamba ya mbuzi. Nikakaa kusubiri warudi mezani.

Hakuna aliyerudi. Nesta hapokei simu. Mafriza yananyamaza upande ule na mimi nakusikia kunyamaza kwake kutoka saluni. Mzee Yesaya amepita mara mbili barabarani bila kunitazama, na yeye si mama mkwe.

Kutokana na hayo saba, ukitoa moja, nimefikia msimamo ambao hata Bi. Restuta na ramani yake hawezi kuutikisa: nishati ni kitu kimoja, na marafiki wa nje ni kitu kingine. Visikae chumba kimoja. Ukimpa rafiki umeme, anakuoa. Ukimnyima, anakususa. Heri kila mtu akae na kibatari chake, asalimie jirani kwa mbali. Naomba JUNIMANJE ifanye yafuatayo bila kuchelewa:

(a) Mfute maneno ya kwenye fulana. Yangu nimeshaigeuza nje ndani.

(b) Bi. Restuta aje Nakonde awe shibukombe wangu, yaani mshenga, kwa sababu yule wa kwanza, mjomba wangu Joshua, amejiuzulu, anasema alitumwa kuposa, hakutumwa kuposwa. Aje na ile ramani. Achore mshale mwekundu unaotoka jikoni kwa Mzee Yesaya kuja kwangu, mnene, Mzee Osea auone bila miwani.

(c) Mtoe tamko redioni kwamba mimi ni mwanamume. Lisomwe kabla ya matangazo ya vifo, ndipo watu wa huku wanasikiliza.

(d) Mkishindwa hayo, basi mkubali wajibu wenu. Kama mimi ni bibi harusi, aliyenilea katika mambo haya ni JUNIMANJE. Kwa hiyo wewe, Mkurugenzi, ndiye baba wa binti. Uje upokee mahari. Uje na kamati yako ya bodi wakae kwenye mkeka, mbishane na Mzee Osea habari ya ng'ombe, na siku ya kuniaga ulie. Ulie kweli, watu wanaangalia.

(e) Mkikataa hata hilo, nitafungua shirika langu mwenyewe hapa mpakani: Jukwaa la Giza na Kukaa Kivyetu. Nitaandaa semina Vwawa, ukumbi ule ule. Sitaleta ramani. Nitazima taa, watu wakae kimya, kila mtu arudi kwao. Nina uhakika wafadhili watapatikana, maana gharama za kuendesha ni ndogo.

Nisalimieni Bi. Restuta, mwambieni kiu ya maarifa imepungua. Nisalimieni dereva wenu aliyetaka nimnyoe bure. Mpishi wa pilau mumpe heshima zangu, yeye ndiye peke yake katika shirika lenu ambaye kazi yake haijavunja posa ya mtu. Wasalimieni na bodi, na wale wa kwenye picha ya jangwani kama mnaonana.

Wako mliyemwasha mkamwacha,

Amoni Sichone
Kinyozi, na kwa sasa mchumba wa kike

NYONGEZA, kabla sijabandika bahasha. Leo ni Jumapili. Ndugu Mkurugenzi, yasomeni haya kwanza.

Tangu Alhamisi mafriza ya Mzee Yesaya yaliyeyuka. Samaki wote, kuku wote. Jana Bana Nesta alifungua mlango wa stoo, akatoka, akaangalia, akasema vitu hivi visipopikwa leo tunavizika kesho. Wakapika usiku na mchana, kwa kila namna wanayoijua: vya kukaanga, vya karanga, vya kuchoma, vya moshi. Vikawa vingi mno. Pale jikoni mtu mmoja akasema, chakula kiasi hiki kinafaa chilanga mulilo. Mzee Osea akasema, "Awe! Haiwezekani, huyu ameshaleta wa kwake." Bana Nesta akamjibu mbele za watu wote, "Wa kwake ulikuwa wa kuazima, na ameshaurudisha. Osea, beba ndoo."

Akabeba.

Wamefika kwangu baada ya ibada. Wanawake mstari mzima, sufuria vichwani, wimbo umetangulia. Pale mpakani afisa wa ile sampuli amekagua paja moja la kuku, kisha la pili kwa uhakika zaidi. Bana Nesta amepita mbele yangu amejifunika kitenge, ameweka sufuria chini, akasema kwa sauti ile ya stoo, "Mwambieni mkwe, moto wetu ndio huu." Mama yangu amekula sahani mbili na anadai ya tatu. Mimi ni mwanamume tena, kwa kauli ya kikao kile kile.

Kwa hiyo nimefikiri upya. Bila waya wasingesahau mgao wakajaza mafriza hadi juu. Bila kuuchomoa wasingepika. Nishati na marafiki wa nje ni kitu kimoja, havitenganishwi, Bi. Restuta alisema sawa kuanzia jalada hadi jalada. Malalamiko yote saba nayafuta. Fulana nimeigeuza tena. Ninachoomba sasa ni waya mwingine mrefu kuliko ule, kwa sababu Mzee Osea naye ana friza.

Nilitaka kuichana barua hii. Nesta ameisoma, amecheka tena mpaka akakaa chini, akasema ipelekwe hivyo hivyo, mwandiko ni mzuri. Na kama gari lenu liko njia ya Mbeya, msipite bila kusimama. Samaki ni wengi kuliko ukoo wangu. Njooni na vyombo.